Naomba Pikipiki ya Mume Wangu Irudishwe Katika Ubovu Wake

Ndugu Fundi Mkuu,
Karakana ya Pikipiki za Kale.

Pole na kazi. Mimi ni mke wa yule mwalimu mstaafu ambaye watoto wetu walikuletea pikipiki yake uifufue, iwe zawadi ya kustaafu. Siku ulipoirudisha ulitamba mbele ya majirani kwamba sasa iko katika hali yake ya asili. Kwa heshima zote, Fundi, si kweli.

Hali yake ya asili naijua mimi. Tangu kabla wanetu wawili wa mwisho hawajazaliwa, pikipiki hiyo ilisimama kwenye chumba changu cha kushonea, kimya, na haikuwahi kumkosea mtu. Kila Jumamosi mume wangu alikaa chini kando yake na bisibisi, mimi nikiwa kwenye cherehani, naye akasema, "Mama watoto, hapa kuna kitu kidogo tu." Hakikuwa kidogo, na hakukipata. Lakini yeye aliazima mafuta yangu ya cherehani, nami nikaazima masikio yake, na hakuna jambo la nyumba hii ambalo hatukulimaliza hapo. Hao wawili tuliwachagulia majina hapo.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Inawaka. Tena kwa kiki moja, kabla sijameza funda la kwanza la chai. Hata nafasi ya kumuuliza anakwenda wapi sipati.

2. Umeondoa kiti cha zamani bila kuniuliza. Kiti kile kilikuwa mto wangu wa kuchomekea pini na sindano. Usukani nao ulikuwa wa kutundikia nguo za wateja, na gauni la bibi harusi lilikaa pale vizuri kuliko lilivyomkaa mwenyewe. Sasa pini nazishika kwa meno, na mteja akiniuliza jambo namjibu kwa kuguna.

3. Umeweka vioo viwili vinavyong'aa. Mume wangu hakuwa mtu wa vioo. Leo anajitazama cha kushoto, anajitazama cha kulia, na ndevu amezipaka rangi. Amenunua na koti la ngozi. Joto hili! Akilivua anatoka jasho kama aliyekuwa akichimba kisima, ila uso umejaa furaha.

4. Hili naliandika nikiwa nimekasirika, unisamehe mwandiko. Anatoka asubuhi, anarudi alasiri ana vumbi hadi kwenye kope, na anataka kunisimulia daraja, na upepo, na mbuzi waliomfukuza. "Ungeona!" ananiambia. Sikuona. Nilikuwa hapa, napindia suruali ya mtu nisiyemjua, na chumba kizima hakuna wa kumsemesha ila cherehani. Nimekuwa mpweke, Fundi. Sikujua neno hilo lingenihusu nikiwa na mume mzima.

5. Ugonjwa umeanza kuenea. Jirani yetu kinyozi ameifufua tarumbeta yake ya ujanani. Mwenye duka la mkate ameshusha baiskeli ya mashindano kutoka darini na kuvaa kaptura ambayo sitaieleza hapa. Wanaume wa mtaa huu wakirudi wote katika hali zao za asili, nani atabaki kutengeneza mabomba?

6. Na hapa ndipo penye kiini. Pikipiki hii aliinunua kabla hajanioa. Kwa hiyo, ukiirudisha sawasawa ilivyokuwa, umerudisha na kijana kapera juu yake, asiye na mke wala habari za mke. Mimi ndiye kipuri kisichokuwemo siku ilipotoka dukani. Je, na mimi utanifungua kwa spana uniweke pembeni?

Kwa sababu hizo naomba karakana yako iichukue pikipiki na kuirudisha ilivyokuwa. Plagi itolewe. Kabureta iliyoziba ile, kama hujaitupa, ifungwe tena, na kama umeitupa, tafuta nyingine mbovu kama hiyo. Rangi ichunwe. Kutu nimeambiwa huchelewa kuja, basi hiyo niachie mimi, nitaimwagilia maji kila asubuhi kama mchicha. Ukitaka kusema kwamba fundi mwenye jina hawezi kuharibu kazi yake mwenyewe, nitakuletea vijana wasio na jina, na wataiharibu vizuri sana.

Nisalimie mkeo, watoto, wasaidizi wako wote, na yule anayefua madoa ya grisi kwenye maovaroli yenu. Huyo mwambie nipo pamoja naye.

Wako mwenye subira kidogo iliyobaki,
Mama wa cherehani, nyumba yenye mlango wa kijani.

Tanbihi: Jana nilikuwa nalamba bahasha nilipomwona mume wangu anarudi anaisukuma. Imemzimikia njiani. Ameisimamisha mahali pake pa zamani, akaketi, na bisibisi niliyompa hakuishika. Yuko nyumbani tangu jana, kama nilivyoomba. Chai inapoa mbele yake, anatazama ukuta, na nikimsemesha ananijibu kwa adabu. Fundi, adabu hiyo siiwezi. Vijana wasio na jina siwaleti tena, njoo wewe mwenyewe, leo hii, na vifaa vyote vya kuifufua. Ukibisha hodi nisiitikie, ingia tu. Nitakuwa napiga kiki.