Baba wa Watu Mia Mbili na Kumi na Saba

Jumatatu, tarehe 4
Programu yangu ya ukoo imeingia kwenye simu za watu! Unaandika jina lako, baba, mama. Inakuchorea ndugu zako. Watu 217 tayari, mbali na mimi. Mimi, niliyeiaga shule mapema! Jumamosi anakuja Baba Mdogo, fundi viatu. Hana mtoto wa kumzaa. Alinilea yeye baba alipofariki. Nimemwahidi atajiona kwenye neno "Baba".

Jumanne, tarehe 5
Hitilafu. Nikimwandika Baba Mdogo, marehemu baba anafutika. Nikimrudisha marehemu, Baba Mdogo anafutika. Simu inanijibu: mtu ana baba mmoja tu. Mmoja! Msimbo, yale maandishi yanayoiendesha programu, niliuazima mtandaoni. Kumbe waliouandika hawajui kwamba baba mdogo ni baba.

Jumatano, tarehe 6
Akili ni nywele, na mimi sina kipara. Nimemsajili Baba Mdogo sehemu ya mama. Imekubali! Shemeji, mdogo wa mke wangu, ambaye programu ndiyo kazi yake ya mshahara, kauliza mama mzazi kaenda wapi. Nikachungulia. Kafutika! Shemeji kacheka mpaka kashika ukuta. Nimeufuta ukurasa wangu wote.

Alhamisi, tarehe 7
Shemeji kashauri: tafuta kosa, rekebisha hilo hilo tu, jaribu kwenye simu yako, ndipo uwapelekee watu. Nikamwambia mimi nimetembea, nimeona miji. Akasema miji haisomi msimbo. Ana mdomo huyu!

Ijumaa, tarehe 8
Nimeuona! Mstari unaokataza baba wa pili. Nimeufuta. Wa chini yake unafanana nao. Nimeufuta pia, kwa usalama. Nimemwandika Baba Mdogo, nimewapelekea watu wote. Kujaribu ni kwa waoga.

Jumamosi, tarehe 9
Baba Mdogo kaja na shati la pasi. Kafuta miwani, kashika simu kama yai. Yumo! "Baba." Chini yake: watoto 217. Kumbe ule mstari wa pili ndio uliosema nani ni mtoto wa nani! Akasoma jina moja moja. Shemeji, mwanawe. Mwenye nyumba wake, yule mkali, mwanawe. Baba Mdogo kasema kuanzia kesho anamdai shikamoo yake. Tukacheka hadi machozi.

Kisha akauliza: na wewe uko wapi? Tukatafuta. Simo! Nilijifuta Jumatano, sikujirudisha. Watu wote wanawe, isipokuwa mimi. Nikatamani ardhi inimeze. Akauliza mtu anabonyeza wapi. Kidole kimoja, chenye gundi ya viatu, kikaandika taratibu jina aliloniita utotoni: Kiroboto. 218. Akasema, haya, sasa wametimia.

Jumapili, tarehe 10
Watu wamelalamika, Shemeji kawarudishia baba zao. Mjomba kapiga simu, kanuna: mbona yeye hayumo? Nimemwambia wajomba wote wanaingia leo leo. Nimeshafuta mistari mitatu. Nijaribu kwanza? Ya nini? Ya baba si ilitoka vizuri!