Mashine Ndani ya Blanketi ya Providence

Jumatatu, tarehe 16 mwezi wa sita

Baridi ya Likasi imeanza kuuma masikio. Lakini minye niko na joto ya furaha! Papa Symphorien, prezida wa korali ya parokia, amekuja mwenyewe hapa Kikula, kwenye duka yangu ya fotokopi. Ameniachia video zote za jubilei. Nizifanye filamu moja. Jumapili kisha misa wataionyesha mbele ya masista wageni na parokia nzima. Iwe tayari Jumamosi saa sita ya mchana. Kama hapana, amesema kwa upole sana, atabeba kila kitu kwa Mama Jenny.

Mama Jenny! Duka yake inatazamana na yangu. Iko na mashine mpya. Iko pia na binti kwenye korali, yule Jenny. Filamu ikifika mikononi mwake, mutoto wangu Providence, aliyeimba peke yake mara ya kwanza katika maisha yake, atakatwa kama mkia wa samaki.

Sikubali.

Mchana kutwa nimepanga picha. Providence: dakika kumi na moja. Wengine nao wako. Nikabonyeza kitufe cha mwisho, mashine ianze kupika filamu. Ikaandika: bado saa tisa. Saa tisa nzima! Nikaizima kwa hasira.

Jumanne, tarehe 17

Nimeenda sokoni kwa Godefroid, fundi wa kompyuta na simu. Akasema saa tisa si kitu, niiache ifanye kazi, minye niende kusonga bukari. Nikamuuliza ya Mama Jenny inachukua muda gani. Akasema labda saa mbili.

Moyo wangu!

Aliponiona hivyo akafanya kosa la kunihurumia. Akaeleza kwamba ubongo wa mashine, wanauita prosesa, unaweza kukimbizwa kuliko kiwandani walivyoupima. Yangu inakimbia 3.4. Mashine ikiamka unabonyeza Delete, unaingia ukurasa wa siri, unapandisha namba. Kidogo kidogo! 3.5, unaijaribu saa nzima. 3.6, unaijaribu tena. Na jicho lisitoke kwenye joto. Akaniwekea programu ndogo inayoonyesha joto kwenye kona ya kioo.

Kidogo kidogo ni ya watu wenye muda. Nimeweka 4.2.

Imeamka! Nimepiga kigelegele mpaka mteja akaangusha kadi yake ya uchaguzi.

Jumatano, tarehe 18

Asubuhi nimeanzisha filamu upya, joto 58. Saa nne, 77. Saa tano, 85! Nimefurahi sana.

Maana minye si mjinga wa moto. Bwana yangu Kalenga iko kwenye tanuru ya shaba mwaka wa kumi na tisa sasa. Kila akirudi anasema ileile: tanuru ikipoa, zamu nzima wanakaa bure. Kwa hiyo joto ndiyo kazi. Na shaba inataka zaidi ya elfu moja! Sisi na 85 yetu, haya tupu.

Kisha upepo ukaingia dirishani. Ikashuka 79. Nikaogopa. Nimefunga dirisha. Nimeleta blanketi ya Providence ya utotoni, ile ya bata, nikaifunga mashine vizuri, nikaacha taa yake ndogo tu ipumue. Mbabula yenye makaa pembeni.

93. 97!

Ila filamu inatambaa. Asilimia nne. Nikasema bado inasikia baridi. Nikaongeza kitenge.

Mama Jenny akavuka barabara, eti kuota moto kidogo. Akanusa. Akauliza kama leo napiga pasi. Nikasema ndiyo, napiga pasi. Akauliza nguo ziko wapi. Wakati huohuo kioo kikageuka bluu chote, na uso mdogo wa huzuni katikati. Mama Jenny akasema pole, akatoka anatabasamu.

Jumamosi iko karibu. Mutoto wangu!

Alhamisi, tarehe 19

Godefroid amekuja. Amesimama mlangoni, ameangalia blanketi, ameangalia mbabula. Kisha akauliza: Mama Providence, hii umeizaa lini?

Nikamueleza habari ya tanuru. Akakaa chini, kwenye saruji.

Akasema prosesa si tanuru. Prosesa ni mfanyakazi wa tanuru. Ikikaribia mia inapunguza mwendo yenyewe ili isife. Ndiyo maana kila nilipoifunika, ilizidi kulala.

Ametoa vumbi jekundu la kujaza kopo. Amefuta ile pasta kavu iliyo kati ya prosesa na feni yake, akaweka mpya kama punje ya njegere. Ameshusha mpaka 3.8. Joto isipite 80, mama, isipite!

Kumbe ni homa! Si angesema tangu Jumanne? Homa naijua, nimelea. Nimefungua dirisha, nimefungua mlango. Wateja wanangoja fotokopi wamevaa makoti. Nilitaka kuweka kitambaa chenye maji juu yake, kama kwenye paji la mutoto. Kwanza nikampigia Godefroid kumuuliza. Amelia kwenye simu mpaka nikamuonea huruma.

Jioni, joto 74. Filamu imeanza kuiva.

Ijumaa, tarehe 20

Asubuhi: asilimia tisini na nane! Nikaita Providence aje aone. Tumeshikana mikono mbele ya kioo.

Ikaganda.

Si bluu, si uso wa huzuni. Imesimama tu, kama muntu aliyeingia jikoni akasahau alichofuata. Godefroid kwenye simu: joto nzuri, lakini mzigo wa 3.8 haiwezi kuubeba mpaka mwisho. Nikashusha 3.7. Ikaganda kwenye kumi na mbili. Na kila ikiganda, kazi inaanza upya!

Papa Symphorien amepita. Ameangalia tu upande wa pili wa barabara. Nimelia kidogo nyuma ya mashine ya fotokopi. Providence akasema si kitu, mama, hata wakinikata nitaimba tena Pasaka. Nikalia zaidi.

Kalenga akarudi kutoka zamu, akatukuta na baridi ya kaburi na mlango wazi. Nimeungama yote, mpaka bata wa blanketi. Nilingoja ugomvi. Akasema kazini kwao, anayepandisha moto bila kumuuliza mkubwa wa zamu anarudishwa nyumbani kwa mguu. Mkubwa wa zamu hapa dukani sasa ni yeye. Akarudisha 3.4. Akavuta kiti, akachukua daftari, akaanza kuandika joto kila nusu saa, na saa yake pembeni, kama kazini. Nimekatazwa kugusa. Nimekatazwa hata kupulizia.

Jumamosi, tarehe 21

Mia kwa mia! Nimefungua duka, filamu iko pale, imeiva. Kalenga anakoroma kwenye kiti, daftari kifuani. 66, 67, 66, kisha mstari mrefu wa kalamu ulioteleza mpaka nje ya karatasi.

Saa tatu nimempelekea Papa Symphorien. Nimepita mbele ya Mama Jenny taratibu. Nimepita mara mbili.

Godefroid akasema kama ningeiacha ile Jumatatu, filamu ingekuwa tayari Jumanne asubuhi. Nimemwambia mambo ya zamani tuyaache.

Jumapili, tarehe 22

Ukumbi umejaa. Providence ametokea kwenye ukuta, mkubwa kama lori, sauti kama asali. Nililia tangu neno la kwanza.

Dakika ya pili nikaona. Kushoto kwake, bega kwa bega: Jenny. Kila picha! Providence akigeuka, Jenny. Providence akifumba macho, Jenny amefumbua. Dakika kumi na moja kamili, minye mwenyewe nimezipanga kwa mikono yangu.

Mama Jenny analia kuliko minye. Alikuja akanikumbatia, akasema wiki nzima alikosa usingizi akiogopa nitamkata mutoto wake. Akaleta maandazi ya moto. Tukala, tukasifiana watoto. Akasema filamu ingekuwa kwake, Jenny angepata dakika kumi na mbili. Basi Providence naye kumi na mbili.

Andazi likanikaba.

Jumatatu, tarehe 23

Papa Symphorien ameleta kazi nyingine, filamu ya kipaimara. Amenipa wiki mbili. Hakuna haraka, amesema mara tatu. Godefroid amepiga simu kuniomba nisiguse ile Delete. Kalenga amebandika karatasi kwenye mashine: 3.4, tarehe, sahihi yake. Nimewaahidi wote, na kwa moyo.

Lakini nimefikiri. 3.8 ilifika tisini na nane. Ilipungukiwa mbili tu! Basi 3.9 lazima ifike mia. Hesabu haidanganyi. Na mwezi wa saba baridi inazidi, hewa ya bure tele.

Blanketi ya bata nimeifua. Iko kwenye kamba, kesho itakuwa imekauka. Si ya kufunika mashine, hapana, hilo nimelisikia. Ni kwa miguu yake tu.