Jiwe la Kabichi Lirudi Kabla ya Krismasi

Kwa Mama Mkurugenzi wa Makumbusho, mjini.

Mheshimiwa,

Nina miaka themanini na minne. Nimeuona mwisho wa mfalme, mwisho wa ushirika ulionyang'anya ng'ombe wetu, na mwisho wa madaktari wawili walioniambia niache pombe ya plamu. Barua hii naandika kwa mkono wangu. Herufi nilifundishwa jeshini na zinanitosha.

Nilipokuwa mnadani kuuza nguruwe, vijana wako wanaochimba ile ngome ya Warumi nyuma ya zizi langu waliingia uani, wakaondoka na jiwe letu lenye maandishi. Mke wangu Saveta ndiye aliyewakabidhi, na kahawa akawapa. Jiwe hilo ndilo linalokandamiza kabichi yetu pipani ili izame kwenye maji ya chumvi na kuchachuka. Malalamiko yangu ni haya:

1. Krismasi mwanangu Nelu anarudi kutoka Hispania. Miaka sita hajakanyaga hapa. Kwenye simu ameomba kitu kimoja: "Baba, nataka nyama iliyokunjwa kwenye kabichi ya nyumbani, ile ile." Sasa nimeshuka chumba cha chini, nakuta pipani pana jiwe la mtoni, halina hata herufi moja. Nimeonja. Si ile ile. Nelu akila hiyo hatarudi tena, na mimi sina miaka sita mingine ya kungoja.

2. Nilikuja huko makumbusho. Jiwe mmelisimamisha ndani ya kabati la kioo, kavu kabisa. Kibao kinasema ni la kaburi la askari, na babu yangu, aliyelichimbua akalileta nyumbani, hakutajwa. Binti wa mlangoni akaniambia, "Mzee, hili lina karibu miaka elfu mbili." Nikamjibu, "Na lilikuwa kazini mpaka juzi, mwanangu. Nyinyi ndio mmelistaafisha."

3. Warumi walikaa hapa miaka mia na kitu, wakafungasha, wakaenda zao. Sisi hatujaenda popote. Kwa hiyo jiwe ni letu, ngome ni yetu, na huyo askari, kwa jinsi alivyoishi na kabichi yetu, ni mtu wa nyumbani.

4. Msiporudisha, naleta pipa. Liwekeni humo humo kabatini chini ya jiwe, na mkesha wa Krismasi mtufungulie mlango. Sahani tutakuja nazo.

Wasalimie vijana wachimbaji, hasa yule mrefu anayekula plamu zangu akidhani simwoni. Wa kunithibitishia ni padri Teofil, aliyeonja kabichi hiyo akasahau mfungo. Jirani yangu Valer, ingawa hatusemeshani. Na Saveta mwenyewe.

Mimi ninayengoja jiwe,
Gligor Hosu, Pietrosu

N.B. Saveta ameisoma, amekataa kutia sahihi. Anasema: "We Gligor, jiwe la mtoni liko pipani tangu Nelu hajazaliwa. Hilo lako lilikuwa linachana majani, nikalipeleka likashikilie mlango wa banda la kuku. Pipa langu, kuku wangu, wewe ulishuka lini huko chini?" Basi kabichi ni ile ile, Nelu atakula. Lakini kuku sasa wanalala mlango wazi, na mbweha ameshaonekana. Kama mna Mrumi mwingine asiye na kazi, nitumieni.