Mjukuu Wangu Si wa Kukaa

Jumatano, 4 Machi

Nimekwenda uwanjani kumtazama mjukuu wangu akicheza mpira wa kikapu wa kulipwa. Kucheza gani! Robo mbili nzima kaganda kwenye benchi na wenzake sita wa akiba, taulo begani kama kinyozi. Jirani yangu Bi Kidomo, ambaye mjukuu wake huanza kila mechi, akaniuliza eti wangu analipwa kwa kukaa? Kesho kocha atanitambua.

Alhamisi, 5 Machi

Nimemvaa kocha. Nimemwambia anayeanza ndiye mchezaji, anayengoja ni kiporo. Akanijibu kwa adabu kwamba, bibi yangu, hao wa kwanza wakiishiwa pumzi, mjukuu wako anaingia na miguu mibichi, anamaliza kazi. Maneno ya muuza nguo zilizochuja! Na keshokutwa wenye timu wanakuja kuchagua nani apewe mkataba mpya. Watamwonaje mtu aliyekaa?

Nimepata dawa. Pasipo benchi, hakuna wa kukalishwa.

Ijumaa, 6 Machi

Nimemwita fundi seremala. Nimemwambia benchi la uwanjani lina kunguni. Kalibeba kichwani mchana kweupe, na mlinzi kamfungulia geti! Akili ninayo, shule ndiyo iliyonikosa.

Jumamosi, 7 Machi

Kocha mjinga huyu! Badala ya kumwanzisha mtoto, kawasimamisha wote saba ukutani. Robo ya tatu wale wa kwanza wakawa wanahema kama mbuzi waliokimbizwa. Mjukuu wangu akaingia na miguu ya ganzi, anakimbia kama yuko kwenye tope. Tumefungwa kwa pointi thelathini na moja. Yule wa Bi Kidomo alikuwa amelala chali.

Mlinzi kanitaja kwa kocha kwamba fundi nilimtuma mimi. Mjukuu kaninunia hadi nyumbani.

Jumapili, 8 Machi

Mkataba amepata! Miaka miwili. Wenye timu wamesema jana wamejionea wenyewe: akiba wakichoka, timu imekwisha, kwa hiyo akiba kama huyu haachwi. Mtoto kanikumbatia, kanisamehe, analia kwa furaha. Anasema, Bibi, umeona sasa thamani ya benchi?

Nimeona. Miaka miwili ya kukaa!

Kocha kaniamuru nilete benchi jipya, maana lile fundi kashalipasua. Haki yake. Nimempa fundi kipimo mwenyewe: watu sita tu. Akiba wako saba. Mmoja itabidi aanze, na mimi namjua ni nani.