Kanuni Yangu ya Mechi za Kirafiki

Jumamosi, 20 Julai 1996
Mvua. Brussels, mwezi wa saba, mvua! Lakini nimeona mwanga. Étoile wameshinda mechi yao ya nne ya kirafiki, sita bila. Nilisimama kwa saa mbili bila mwavuli, pamoja na watazamaji kumi na mmoja na mbwa. Mechi nne, mabao ishirini na matatu. Yote yamo daftarini. Wacheza kamari wa mji huu wanangoja ligi ianze ndipo wafikiri. Wajinga! Mimi nasoma mechi za maandalizi, naujua msimu kabla haujafika.

Kuna mshambuliaji mpya, mrefu, jezi haina jina. Mabao tisa peke yake. Nimemwita Mnara.

Nusura, mke wangu, ndiye mwenye kazi. Mimi nimemfuata tu kutoka Dar. Akauliza nimeshinda wapi. Nikasema kwenye utafiti. Akasema viatu vya utafiti vinavuliwa mlangoni.

Jumanne, 23 Julai
Nimetukanwa! Nilikwenda mtaa wa Matonge, barabara ya Chaussée de Wavre, kunyolewa kwa Tonton Rigobert, mtu wa Bukavu, anayejiona bingwa wa kubashiri. Nikamweleza kanuni yangu kwa upole. Akauliza Étoile wamecheza na nani. Nikamsomea: waoka mikate, askari wa trafiki, walimu wa msingi, na timu ya kijiji ambayo kipa wake ni padri.

Akacheka mpaka mashine ikatetemeka sikioni kwangu. “Papa Jaffari, ile ni match amicale, ya kirafiki! Coach anajaribu batu tu. Bon, ashinde ao ashindwe, iko sawa.”

Wateja wote wakacheka. Hata Jémima, msusi wa kioo cha pili, ambaye hajawahi kuona mpira unaingia golini, alicheka kuliko wote. Nikainuka, nikatoka. Upande wa kushoto ulikuwa bado haujanyolewa. Heshima kwanza.

Jumapili, 28 Julai
Étoile tena! Nane moja. Mnara matatu.

Nikarudi kwa Rigobert kumalizia upande wa kushoto na kumfunga mdomo. Nikasema Étoile watashinda mechi ya kwanza ya ligi. Akasema hataki kubishana na mteja. Mwoga! Nikamshikilia mbele ya watu mpaka akakubali: redio yake kubwa dhidi ya televisheni yangu.

Kweli, nyuma ya televisheni kuna kibandiko chenye namba. Katika nyumba yetu hapa Uccle kila kitu ni mali ya ofisi ya Nusura, kuanzia kitanda hadi vijiko. Lakini nani anaitazama zaidi? Mimi!

Jumamosi, 3 Agosti
Tano bila. Wamefungwa wao. Na timu iliyopanda daraja juzi!

Mnara hakuwepo. Hata benchini hakuwepo. Nikamuuliza mzee wa getini. Akasema yule alikuwa kwenye majaribio, hawakumsajili, amerudi Namur kuuza makabati. Makabati! Mtu anafunga mabao kumi na mawili mbele ya umma, kumbe ni muuza makabati! Na kipa wa leo sijawahi kumwona maishani. Nimewaandikia barua kali. Kurasa tatu. Nimedai maelezo.

Jumapili, 4 Agosti
Nusura alikwenda kumwona rafiki yake. Nikaifunga televisheni kwenye kigari cha sokoni, nikaisukuma mpaka Matonge. Rigobert akaitazama, akanitazama, akasema niiweke pale kwenye kona. Hakucheka. Hilo liliniudhi zaidi.

Jioni Nusura akauliza televisheni iko wapi. Kwa fundi. Ina nini? Nikasema haina picha. Wala si uongo.

Jumanne, 6 Agosti
Balaa. Alhamisi anakuja mkaguzi kuhesabu vifaa vya nyumba. Nusura akataka jina la fundi. Nikakiri, kidogo kidogo, kama mtu anayevua sweta linalobana.

Hakupiga kelele. Akasema, “Jaffari, ikikosekana, anayeandikiwa barua si wewe. Ni mimi. Na tukirudishwa nyumbani, watarudishwa watu wawili.”

Nikajisikia mdogo sana. Nilikaa hivyo karibu robo saa. Kisha nikamfafanulia kwamba kanuni haina kosa, kosa ni la Mnara. Akachukua koti lake, akatoka.

Jumatano, 7 Agosti
Televisheni imerudi. Rigobert ameileta mwenyewe kwa gari la shemeji yake. Akamwambia Nusura, “Maman, sikuitaka hata siku moya. Nilikuwa nangoja tu bwana yako akuje kuniambia pardon.”

Wakanywa chai. Wakacheka! Chai yangu, sebuleni kwangu! Nikasimama nikasema kamari ni kamari, mimi sihurumiwi na kinyozi, airudishe garini. Nusura akanitazama. Nikachomeka waya.

Jumatano, 14 Agosti
Mkaguzi alikuja, akahesabu hadi vijiko, akasifu. Nusura ameniapisha, kwa simu, mama yake akisikiliza kutoka Tanga: sitabashiri tena mpira wa miguu, maisha yangu yote. Nimeapa kwa moyo safi. Nimekua.

Wiki ijayo timu za mpira wa kikapu zinaanza mechi za kirafiki. Ndani ya ukumbi, hakuna mvua. Wachezaji watano tu, muuza makabati atajificha wapi? Nimempigia Rigobert. Amekata simu, lakini hakusema hapana.

Nimepima friji. Inapita mlangoni.