Wimbo wa Nguchiro Rubani na Kiti cha Mbele

Jumatano, 7 Mei 2025

Bado sijazoea kuitwa mke! Leo asubuhi Weldon alinitazama juu ya kikombe mpaka chai ikapoa. Ikapoa! Nani mwingine hapa Ndanai ana mume kama huyu?

Kasoro ni moja tu. Fancy. Wifi yangu, dada mdogo wa Weldon. Kila tukipeleka maziwa Sotik, yeye huketi mbele kwenye pikapu, kando ya mume wangu. Mimi nyuma, nimekumbatia mikebe ya maziwa. Leo nimemwambia mbele ni mahali pa mke. Akacheka. Eti mke gani asiyejua hata katuni iliyomlea mumewe. Mimi bado ni mgeni, na wageni kutoka Kisii hukaa nyuma waangalie mandhari. Mandhari! Tumewekeana dau: nikimtoa Weldon machozi ya mapenzi kwenye chakula cha mchana Jumapili, mbele ya watu, kiti ni changu milele.

Katuni yenyewe ni ya Kijapani, Nguchiro Rubani. Ilianza kabla Weldon hajazaliwa na mpaka leo haijaisha. Nitamwimbia wimbo wake.

Alhamisi, 8 Mei

Kumbe nyimbo ni nyingi! Kila baada ya miaka michache wanabadilisha, wa kufungulia kipindi na wa kufungia. Nichague upi? Nikatumia akili. Alfajiri nilijibanza nyuma ya zizi Weldon akikamua. Anapiga mluzi! Wimbo ule ule, tena na tena, uso umetulia kama yuko kanisani. Nimeutafuta mtandaoni, nimeupata. Huu ndio wimbo wa moyo wake. Pole sana, Fancy.

Jumamosi, 10 Mei

Mazoezi shambani, katikati ya majani chai. Kijapani sijui hata neno, lakini nimekariri yote. Wachumaji wa shamba la jirani wameanza kuitikia. Mama mkwe aliuliza kama nina malaria. Nikamwambia ni mapenzi. Akasema yeye haoni tofauti.

Jumapili, 11 Mei

Sijui nianzie wapi.

Nyumba ilijaa. Mashemeji, majirani, mzee Gibson wa kanisa. Nilivaa gauni langu la njano. Nikaimba. Mstari wa kwanza tu, Weldon akaweka kijiko chini. Macho yakaenda mbali. Nikajua machozi yanakuja! Kwenye kiitikio akasimama. Nikamnyooshea mikono.

Akanipita. Akachukua ndoo, akaenda zizini. Saa saba mchana! Hata ng'ombe alishangaa.

Aliyetokwa na machozi ni Fancy, kwa kicheko. Alipopata pumzi akaeleza: huo ni wimbo wa kufungia. Kila jioni ulipoanza, Mama alizima runinga na kumtuma Weldon kukamua. Utoto wake wote. Siku hizi mwili unainuka wenyewe. Mzee Gibson akauliza kama hayo maziwa yakija ataongezewa chai.

Jumatatu, 12 Mei

Mvua kubwa. Weldon, kipenzi changu, amesikia habari za dau. Akafungua mlango wa mbele wa pikapu, akaniambia Nyamusi, ingia tu. Eti kwa nini sikumwambia tangu mwanzo? Fancy hukaa pale kwa sababu hakuna mwingine aliyewahi kupataka. Fancy mwenyewe alikuwa ameshapanda nyuma, amejifunika turubai. Akasema wifi, nenda, ulikuwa mzaha tu.

Nimekataa! Kiti cha kuonewa huruma sitaki. Kiti hicho nitakishinda. Nikamshusha Fancy, nikamsukuma mbele, nikapanda nyuma mimi. Maji yaliniingia shingoni mpaka Sotik, na njia nzima nilikuwa najifunza wimbo wa kufungulia, kwa sauti. Weldon alisimamisha gari mara mbili kunisihi nije mbele.

Anavyonipenda huyu mwanamume! Jumapili lazima alie.