Ajuza Haamki kwa Kila Mtu

Jumatatu, 4 Machi

Tangazo limebandikwa karibu na choo, mahali pekee tunapopita wote. Kiwanda kinakusudia kupunguza wafanyakazi. Magodoro hayauzwi. Nimelisoma nikiwa mbioni kwenda haja, na haja ikaisha yenyewe.

Spika, mwakilishi wetu wa chama cha wafanyakazi, akatukusanya. Akasema sheria haimruhusu mwajiri kuamka tu na kutimua watu. Atoe taarifa mapema, aeleze sababu, akae na wawakilishi, na wanaoondoka wapatikane kwa vigezo vya haki, ujuzi ukiwemo. Kisha akaanza habari za wajibu wa mfanyakazi. Hapo nikaondoka. Nilishasikia neno ujuzi, basi.

Ujuzi ninao. Mimi nashona kingo za magodoro. Mashine yangu tunaiita Ajuza, na haamki mpaka umvute mkanda kwa kidole gumba huku unampiga teke la kisigino chini ya meza. Hakuna mwingine anayejua. Spika ameniomba mara nyingi nimfundishe, nami nampiga chenga.

Jumanne, 5 Machi

Mpango: kuugua. Nimetuma ujumbe kwamba mgongo umekaza. Ajuza atagoma, kazi itasimama, watanipigia magoti.

Mama watoto hakuniamini hata chembe. Akasema mgonjwa wa mgongo hakai kwenye kochi, analala sakafuni. Nimeshinda sakafuni. Simu kimya.

Jumatano, 6 Machi

Bado sakafuni. Simu imelia! Spika. Msimamizi amehangaika na Ajuza asubuhi nzima, akaamua amekufa. Atauzwa chuma chakavu. Na mashine ikiondoka, nafasi ya anayeitumia inaondoka nayo.

Nilitaka kukaa chini, nikakuta niko chini tayari. Nimeogopa kweli. Nina watoto watatu na ujuzi wa kisigino. Mama watoto hakunicheka, na hilo ndilo limenitisha zaidi.

Alhamisi, 7 Machi

Spika amewakatalia kikaoni. Amesema nafasi ya mtu haifutwi kabla mwenyewe hajasikilizwa. Nikaitwa. Mbele ya watu wote nikatoa siri yangu: gumba, kisigino. Ajuza akanguruma.

Msimamizi akauliza, kwa upole wa kutisha, kwa nini sikusema siku zote hizo. Nikajibu kwamba hakuna aliyeniuliza. Spika akakohoa.

Nimepewa onyo. Eti kuficha namna ya kuendesha kifaa cha kazi ni kukiuka wajibu wa mfanyakazi. Kumbe ndiyo ile sehemu niliyoikimbia.

Ijumaa, 8 Machi

Wameafikiana: hakuna anayeondoka. Wote tunapunguziwa saa za kazi mpaka biashara ichangamke. Nimeshusha pumzi, nadhani ile niliyoivuta Jumatatu pale mlangoni mwa choo. Nimemkumbatia Spika kabla sijajizuia. Ananuka gundi ya sponji. Nimefurahi tu.

Leo nalala kitandani. Mama watoto amelia kidogo, kisha akaniambia nisogee, nimemmalizia mto.

Jumatatu, 11 Machi

Ajuza amefungwa mkanda mpya. Anaamka kwa kubonyezwa tu, hata mlinzi anaweza. Ila uzi unakatika kila ukifika kwenye kona. Nimegundua kwamba ukiegemeza goti la kushoto kwenye fremu, haukatiki.

Spika amekuja kuuliza mbona kona zangu ni safi hivi. Nimemwambia ni bahati tu.